Kwa Nini Mashine ya Mkono ya Kusagia Kahawa Huifaa Espreso Kuliko ya Umeme ya Bei Ileile?

Anayenunua kwa mara ya kwanza mtambo wa nyumbani wa espreso, yaani kahawa nzito ya kikombe kidogo, aghalabu huumalizia mtambo huo karibu fedha zote, kisha kwa kinachobaki hutafuta mashine ya kusagia buni. Mgawanyo huo humponza, kwa sababu mtambo kazi yake ni kupasha maji moto na kuyasukuma. Kinachoamua maji hayo yapite kwa kasi gani ni unga wa kahawa.

Ndani ya kichujio cha mtambo hushindiliwa unga wa gramu 18 hivi, kisha maji yenye joto la nyuzi 90 hadi 96 za Selsiasi husukumwa kupitia humo kwa shinikizo linalokaribia mara 9 ya shinikizo la kawaida la hewa. Kwa kipimo kilichozoeleka, gramu 36 za kinywaji hutakiwa kutoka katika sekunde 25 hadi 30. Upinzani wa kuyachelewesha maji muda wote huo hutoka kwenye unga wenyewe, nao hubadilika upesi mno: wepesi wa maji kupenya hufuata, kwa makadirio, kipeo cha pili cha ukubwa wa chembe, hivyo chembe zikiongezeka ukubwa kwa asilimia 10, maji hupita kwa kasi zaidi kwa takriban asilimia 20. Unga ukiwa mkubwa kupita kiasi, kikombe hujaa kabla ya sekunde 10, mkondo ukiwa mpana na uliopauka, na ladha yake ni uchachu mtupu.

Mashine ya visu, ile inayofanana na blenda ndogo, tuiweke kando mapema. Hukata bila kipimo, ikaacha vumbi na mapande pamoja. Maji hukimbilia penye mapande, na kikombe kimoja huwa kichachu na kichungu kwa wakati uleule. Mashine inayofaa ni ile inayoponda buni kati ya meno mawili ya chuma, mara nyingi la ndani likiwa na umbo la pia na la nje likiwa kama pete, kwa nafasi inayoweza kurekebishwa.

Hapo ndipo bei inapoanza kuwa na maana. Katika mashine ya umeme ya bei nafuu, fedha yako inagawanywa kwa mota, gia, swichi, chombo cha buni na pengine saa ya kujizima, na meno hupata makombo. Mhimili unaozungusha jino la ndani ukishikiliwa na plastiki hulegea, jino hilo likayumba, na nafasi ya kusagia ikawa finyu upande mmoja na pana upande wa pili. Katika mashine ya mkono, mota ni mkono wako. Fedha ileile hununua meno ya chuma cha pua yaliyochongwa vizuri na beringi mbili za kuushika mhimili usiyumbe. Jambo hili unaweza kulikagua dukani: fungua kikombe cha chini, shika jino la ndani kwa vidole viwili, ulisukume kulia na kushoto. Likicheza, iache.

Jambo la pili ni ukubwa wa hatua za kurekebisha, na hapa matangazo hupotosha. Mashine inayojisifia mipangilio 40 huwa imeigawa kuanzia unga mkubwa kabisa hadi mdogo kabisa, kwa hiyo inayoangukia kwenye espreso inaweza kuwa mitatu au minne tu: mmoja unatoa kinywaji kwa sekunde 18, unaofuata unaziba kichujio. Uliza kila hatua inasogeza meno kwa mikroni ngapi (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Mashine nyingi za mkono zinazokusudiwa espreso husogeza kati ya mikroni 8 na 20, na kiasi hicho kinatosha. Faida nyingine ni kwamba unga mchache sana hubaki ndani ya mashine ya mkono, kwa hiyo marekebisho ya leo hayachanganyiki na unga wa jana. Unga ukinata kwa umeme tuli, nyunyizia buni tone la maji kabla ya kusaga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walichapisha mwaka 2023 matokeo yanayoonyesha kuwa unyevu huo hupunguza umeme tuli na mabonge.

Mashine ya mkono haimfai kila mtu. Buni iliyokaangwa kidogo ni ngumu, na kuisaga kwa ulaini wa espreso ni kazi ya misuli. Mwenye maumivu ya kifundo cha mkono, au anayepika vikombe vinne kila asubuhi, ni afadhali asubiri hadi amudu ya umeme iliyo nzuri. Vilevile, mitambo mingi ya bei ya chini huja na kichujio cha kuta mbili chenye tundu moja dogo chini, ambalo huleta upinzani lenyewe. Kwa kichujio hicho, karibu mashine yoyote yenye meno itatosha, na hakuna haja ya kununua nyingine hadi siku utakapohamia kichujio cha ukuta mmoja.