Ukisoma na chatboti, daftari litangulie

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walifanya jaribio la hisabati na wanafunzi wa sekondari karibu 1,000 nchini Uturuki. Mwalimu alipitia mada kama kawaida, kisha ukafika muda wa mazoezi. Kundi la kwanza lilibaki na daftari na kitabu. La pili lilipewa chatboti ya kawaida, inayojibu lolote inaloulizwa. La tatu lilipewa chatboti iliyoelekezwa kutoa vidokezo badala ya majibu, na walimu walikuwa wameilisha ufumbuzi sahihi pamoja na makosa ambayo wanafunzi huyafanya mara kwa mara. Kwenye mazoezi kundi la pili liliwazidi wa daftari kwa asilimia 48, na la tatu kwa asilimia 127. Kisha mashine zikaondolewa, wote wakafanya mtihani peke yao. Alama za kundi la pili zikawa chini kwa asilimia 17 kuliko za wale ambao hawakugusa chatboti kabisa. Kundi la tatu lilikwenda sare na la daftari.

Kuna tokeo jingine katika jaribio hilo ambalo mzazi angepaswa kulihofia zaidi: wanafunzi wa kundi la pili hawakuhisi kwamba wamejifunza pungufu.

Chatboti ya bure iliyomo kwenye simu, iwe ChatGPT, Gemini au Copilot, ikiachwa ilivyo ndiyo ile ya kundi la pili. Ni nafuu kubwa kwa mtoto asiye na ada ya tuisheni kuweza kuuliza swali la fizikia saa tano usiku na kujibiwa papo hapo. Lakini kuigeuza iwe ya kundi la tatu ni kazi ya mtumiaji mwenyewe, na kazi hiyo huanzia kwenye karatasi.

Kipindi cha dakika 45

Chagua mada moja na maswali matatu au manne. Kwa dakika 15 za kwanza simu iwe mbali. Fanya swali kwa kalamu, hatua kwa hatua, na ukikwama andika sentensi moja inayosema umekwamia wapi: "Nimepata moli, sijui nizigawanye kwa nini." Sentensi hiyo ina thamani kuliko swali lenyewe, maana ndiyo utakayoipeleka kwa chatboti. Mwanafunzi anayeandika "sielewi kemia" atajibiwa kwa maelezo marefu ya kemia yote, atayasoma akiitikia kwa kichwa, na atafunga simu akiwa palepale alipokuwa.

Dakika 20 zinazofuata ni za mazungumzo. Dakika 10 za mwisho simu irudi mbali, ufanye swali jipya la aina ileile bila msaada wowote. Ukilishindwa, mada haijaingia, hata kama mazungumzo yalikuwa matamu.

Kabla ya swali lolote, ipe chatboti maelekezo. Haya yanaweza kunakiliwa na kubadilishwa somo na kidato:

"Wewe ni mwalimu wangu wa Kemia, kidato cha tatu, Tanzania. Nitakupa swali pamoja na kazi niliyoifanya. Usinipe jibu la mwisho wala usinifanyie hatua. Tafuta hatua ya kwanza yenye kosa, kisha niulize swali moja litakalonifanya nilione mwenyewe. Subiri nijibu kabla ya kuendelea. Nikikosea mara mbili mahali pamoja, nipe kidokezo kifupi. Eleza kwa Kiswahili, ila istilahi ziache kwa Kiingereza kama zinavyoandikwa kwenye mtihani."

Usipotaja "swali moja", itakumwagia matano kwa mpigo na hutajibu hata moja. Usiposema "subiri", itauliza na kujijibu. Mazungumzo yakirefuka chatboti huanza kuyasahau maelekezo na kurudia tabia ya kutoa majibu. Yabandike upya, au fungua mazungumzo mapya kwa kila mada. Tangu katikati ya 2025 ChatGPT na Gemini zina hali maalumu ya kujifunzia inayofanya kazi ya namna hii. Itumie, lakini inazimwa kwa kugusa mara moja, na mwanafunzi aliyechoka ataizima.

Tuchukue swali la taitresheni, yaani kupima ukolezo wa mmumunyo kwa kuumenyusha na mwingine. Gramu 5.3 za sodiamu kaboneti isiyo na maji zimeyeyushwa hadi kupata mmumunyo wa sm³ 250. Sm³ 25 za mmumunyo huo zimemenyuka kikamilifu na sm³ 20 za asidi ya haidrokloriki. Molariti ya asidi (moli kwa kila lita, M) ni ngapi? Mwanafunzi anagawanya 5.3 kwa 106 na kupata moli 0.05, sawa na 0.2 M. Ndani ya sm³ 25 zimo moli 0.005. Anagawanya kwa lita 0.020, anapata 0.25 M na kufunga daftari. Amekosea: moli moja ya kaboneti hula moli mbili za asidi, kwa hiyo jibu ni 0.5 M. Chatboti iliyoelekezwa vizuri itamuuliza tu, "Umeandika mlinganyo uliosawazishwa?" Akiuandika, ataiona ile 2 mwenyewe, na mara ijayo ataiandika kabla ya kugusa namba.

Angeuliza vingine, "Nimepata 0.25 M, ni sawa eti?", angejiweka hatarini. Chatboti zina mwelekeo wa kumkubalia anayeongea nazo. Aprili 2025 OpenAI, kampuni inayotengeneza ChatGPT, iliondoa toleo jipya la modeli yake ya GPT-4o siku chache tu baada ya kulitoa, kwa kuwa lilikuwa likiwasifu na kuwaunga mkono watumiaji kupita kiasi. Kinyume chake pia hutokea: ukiiuliza "una uhakika?" inaweza kuliacha jibu lililokuwa sahihi na kuomba radhi. Dawa ni kuficha umiliki. Fungua mazungumzo mapya, bandika kazi, andika: "Mwanafunzi mmoja amefanya hivi. Kagua kila hatua, taja kosa kama lipo." Kisha hakiki kwa mkono. Kwa swali letu, 0.5 mara 0.020 ni moli 0.01 za asidi, ambazo ni mara mbili ya 0.005. Uwiano umekaa.

Inakokosea, na kwa nini

Modeli iliyo ndani ya chatboti imefunzwa kwa maandishi mengi mno ili ikisie kipande cha neno kinachofuata, kimoja baada ya kingine. Baadhi ya chatboti siku hizi hutafuta pia mtandaoni, lakini hata zinachokipata huandikwa upya kwa njia hiyohiyo ya kukisia. Ufasaha wake kwa hiyo hauthibitishi usahihi. Jibu la kubuni huja na sauti ileile tulivu ya jibu la kweli.

Mfano unaojulikana ni wa Juni 2023, pale mahakama ya shirikisho jijini New York ilipowatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza kama kesi hizo ni za kweli, nayo ikamwambia ndiyo. Mwanachuo anayeomba marejeo ya tasnifu yuko kwenye mtego huohuo. Rejeo lolote litafutwe kwenye katalogi ya maktaba au tovuti ya jarida. Lisipopatikana huko, lifutwe.

Kwenye fasihi hali ni mbaya zaidi. Riwaya na tamthilia teule za Kiswahili hazijaandikiwa sana mtandaoni, basi chatboti hujaza pengo kwa wahusika wasiokuwemo, hubadilisha nani alimwoa nani, na hutoa dondoo ambazo mwandishi hakuziandika. Aliyesoma kitabu ataligundua hilo ndani ya dakika moja. Asiyesoma atalibeba hadi kwenye chumba cha mtihani.

Ushairi nao una kasoro yake, na chanzo chake kinafahamika vizuri. Chatboti haioni herufi wala silabi. Maandishi hukatwa vipande, na neno la Kiswahili lenye viambishi vingi hukatwa mahali pasipohusiana na silabi zake. Iambie itunge shairi la mizani 16 kwa mshororo, nane kila kipande: itakupa mishororo ya 14, 17, 19, na itaapa kwamba yote ni 16. Hesabu mwenyewe kwa vidole. "Nawaasa wanafunzi" ni na-wa-a-sa-wa-na-fu-nzi, nane. "Kalamu itangulie" ni ka-la-mu-i-ta-ngu-li-e, nane. Zoezi zuri la darasani ni kuwapa wanafunzi beti mbili zilizotungwa na chatboti wazirekebishe mizani na vina. Mashine ikikosea hivi inafundisha kuliko ikipatia.

Maelezo ya sayansi kwa Kiswahili yana faida ya kweli kwa anayeingia kidato cha kwanza Tanzania akitoka kwenye masomo ya Kiswahili kwenda ya Kiingereza. Tatizo ni kwamba chatboti hubuni istilahi pale inapokosa, na istilahi ileile inaweza kubadilika aya mbili mbele. Ndiyo sababu maelekezo ya juu yanataka istilahi zibaki kama zilivyo kwenye mtihani. Ukishaelewa kwa Kiswahili, andika jibu lote kwa lugha utakayojibia mtihani. Kuelewa upande mmoja hakukupi sentensi za upande wa pili.

Picha za maswali zina hila yake. Nukta ya desimali hupotea, kipeo huwa namba ya kawaida, 1 iliyoandikwa kwa mkono husomwa 7. Ukipiga picha, agiza kwanza: "Nakili swali neno kwa neno, usilifanye." Linganisha, ndipo uendelee. Grafu na michoro ya sakiti ni afadhali uieleze kwa maneno.

Jambo moja hupunguza makosa mengi ya aina hizi: kuipa chatboti matini badala ya kuitegemea kumbukumbu yake. Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao yake, na Baraza la Mitihani la Tanzania huweka kwenye tovuti yake uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, unaoonyesha swali lilikosewa vipi na kwa nini. (Uchambuzi huo hausomwi inavyostahili, hata na walimu.) Bandika ukurasa husika, kisha andika: "Jibu kwa kutumia kifungu hiki tu. Kama jibu halimo, sema halimo." Hii pia inakukinga na mkanganyiko wa mitaala. Mtaala mpya wa Tanzania ulianza kwa awamu Januari 2024, Kenya imekuwa ikihama kutoka mfumo wa 8-4-4 kwenda mtaala wa umilisi (CBC), na chatboti huchanganya ya zamani na mipya bila kukuambia.

Kujipima kunashinda kusoma tena

Matumizi bora kuliko yote huenda ndiyo yanayosahaulika zaidi. Katika utafiti wa wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa 2006, waliosoma kifungu kwa vipindi vinne walikumbuka asilimia 40 baada ya wiki moja. Waliokisoma kipindi kimoja na kujipima mara tatu walikumbuka asilimia 61. Baada ya dakika tano tu, waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kwa hiyo, badala ya kuomba muhtasari, agiza: "Niulize maswali 10 kutoka kwenye kifungu hiki, moja moja, bila machaguo. Sahihisha kila jibu kabla ya linalofuata." Yale uliyokosa yaandike nyuma ya daftari na ujiulize tena baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki.

Kazi za nyumbani na tuhuma za kunakili

Kuomba chatboti ikueleze hoja au ikukosoe rasimu ni kujifunza. Kukabidhi ilichoandika kwa jina lako ni udanganyifu, hata ukibadilisha maneno. Upande wa walimu, programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine zisitumiwe kama ushahidi. OpenAI iliondoa ya kwake Julai 2023 kwa usahihi mdogo, na mwaka huohuo watafiti wa Stanford walionyesha kwamba vitambuzi kadhaa vilituhumu kimakosa zaidi ya nusu ya insha za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Wanafunzi wetu wamo humo. Njia ya haki ni kumwita mwanafunzi, kumpa dakika tano aeleze aya mbili za kazi yake, na kuomba rasimu. Mwanafunzi naye azitunze rasimu hizo.

Umri, na simu ya familia

ChatGPT inataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi, na ruhusa ya mzazi kwa aliye chini ya 18. Mwongozo wa UNESCO wa Septemba 2023 nao ulipendekeza 13 kama kiwango cha chini darasani. Walio chini ya hapo wakae na mtu mzima anayeshika simu.

Usiandike namba ya mtihani, namba ya kitambulisho, jina la shule, matokeo ya wenzako wala picha zao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina ya kwake ya 2019, lakini sheria haikirudishi kilichokwisha tumwa. Ingia kwenye mipangilio ya data na uzime ruhusa ya kutumia mazungumzo kufunzia modeli. Mtoto akitumia akaunti ya mzazi, afungue mazungumzo ya muda yasiyohifadhiwa. Bila hivyo kumbukumbu ya chatboti huchanganya mambo ya kazini ya mama na hesabu za kidato cha pili, na kila mmoja ataweza kufungua na kusoma ya mwenzake.