Pampu ya akwariamu: pima kwa bidoni kabla ya kuamini boksi

Mama mmoja wa Nguba, mtaa wa hapa Bukavu, alinipigia simu alfajiri: samaki wake wote wamepanda juu, midomo nje ya maji, wanahema. Nilipofika, pampu ilikuwa inanguruma kama kawaida. Niliweka kiganja kwenye mdomo wa bomba, msukumo ukawa dhaifu sana. Boksi alikuwa amelitunza, limeandikwa lita 1,000 kwa saa.

Tukachukua bidoni ya lita 20 na saa ya simu. Bidoni ilijaa kwa dakika nne. Hiyo ni lita 300 kwa saa, katika akwariamu ya lita 200 iliyojaa samaki.

Boksi halikudanganya. Namba ile hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji hata kidogo. Kando yake huwa kuna namba nyingine ambayo wanunuzi wengi hawaisomi: kimo cha juu kabisa, Hmax. Kwenye kimo hicho maji hayatoki tena. Pampu ya mama ilikuwa na Hmax ya mita 1.5, nayo imekaa kwenye tangi la chini ndani ya kabati, inapandisha maji mita moja. Kwa hesabu ya haraka, theluthi mbili za nguvu yake zinaishia kwenye kupanda. Ongeza kona mbili za bomba na sponji chafu, unabaki na zile lita 300.

Kwa hiyo nakuomba upime. Gawanya 72,000 kwa sekunde ambazo bidoni ya lita 20 imechukua kujaa. Jibu ni lita kwa saa, mahali pale pale pampu inapofanyia kazi.

Kwa nini maji yazunguke? Sisi wa Bukavu mfano tunao mbele ya macho. Maji ya chini ya Ziwa Kivu hayachanganyiki na ya juu, na ukipita kina cha mita 60 hivi oksijeni imekwisha; huko chini kuna kaboni dioksidi na methani. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa hilo, wanaishi tabaka la juu tu. Nyuma ya mawe ya akwariamu, mahali mkondo haufiki, uchafu hujikusanya na kula oksijeni kwa namna inayofanana. Tena mji wetu uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na maji ya joto lile lile hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko kule pwani. Ndiyo maana ushauri ulioandikwa na watu wa pwani mimi huuongezea kidogo.

Kwa samaki wa kawaida wa maji baridi yasiyo na chumvi, nataka maji yote yapite kwenye chujio mara tano kwa saa. Samaki wa Ziwa Tanganyika wanaoletwa kutoka Uvira, hasa wale wa kwenye mawe ambako mawimbi hayatulii, nawapa mara nane hadi kumi. Samaki wenye mapezi marefu usiwafanyie hivyo, watachoka kupigana na mkondo. Elekeza mdomo wa pampu juu kidogo hadi uso wa maji utikisike, kwa sababu hapo ndipo oksijeni inapoingia.

Sasa umeme, jambo linalonisumbua kuliko yote. Pampu ya kawaida ya volti 220 ina sumaku inayozungusha kipanga kidogo, yaani feni ndogo inayosukuma maji. Umeme ukirudi jioni ukiwa mdogo, mara nyingine kipanga hakianzi. Pampu inalia tu na kupata moto. Vile vile kuna inveta (vifaa vinavyogeuza umeme wa bateri kuwa wa volti 220) za bei nafuu ambazo wimbi la umeme wake si laini, nazo huichosha. Mimi siku hizi nashauri pampu ya volti 12, iliyofungwa moja kwa moja kwenye bateri ya sola. Ikitumia wati 10, bateri ya volti 12 ya Ah 50 (saa-ampea) ina Wh 600 (saa-wati). Ukitumia nusu tu ili usiiue, unapata saa 30. Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ya usiku mzima haitakutisha.

Ikiwa una tangi la chini, toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudisha maji, chini kidogo tu ya uso wa maji. Umeme ukikatika, maji hujivuta yenyewe kurudi chini. Tundu likishaingiza hewa, yanasimama. Bila hilo utakuta sakafu imelowa. Waya nao uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone lidondoke sakafuni lisifuate waya hadi kwenye umeme. Na chomoa kabla ya kuingiza mkono, kila mara, hata kama ni kwa sekunde mbili.

Kwa mama wa Nguba hatukununua pampu kubwa. Tulisuuza sponji kwa maji ya akwariamu yenyewe, kwa sababu klorini ya bomba huua bakteria wanaosafisha maji, tukaondoa kona moja, kisha tukaweka pampu ndogo ya volti 12 ndani ya akwariamu, nyuma ya mawe, ikitazama juu. Bidoni sasa inajaa kwa dakika tatu, na ile ndogo inazungusha maji bila kuyapandisha popote. Kabla ya saa sita mchana samaki walikuwa wameshuka.