Maziwa Yasikauke Mtoto Akiwa Bado Wadini

Mama aliyejifungua mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, au ambaye mtoto wake amelazwa kwa ugonjwa, huwa na hofu kwamba mtoto asiponyonya maziwa yatakauka. Hofu hiyo ina msingi, lakini ina dawa, kwa kuwa titi halibagui kati ya kinywa cha mtoto, mkono wa mama na pampu. Maziwa yakitolewa, mwili hutengeneza mengine. Yakilala ndani kwa muda mrefu, mwili hupunguza. Ndiyo maana tunawahimiza akina mama wahesabu mara walizokamua kabla ya kupima wingi wa maziwa yaliyopatikana.

Ikiwezekana, kukamua kuanze ndani ya saa 1 baada ya kujifungua, na hata kwa aliyefanyiwa upasuaji kusichelewe kupita saa 6. Baada ya hapo mama akamue mara 8 hadi 12 katika kila saa 24, usiku ukiwemo. Homoni ya prolaktini, inayochochea utengenezaji wa maziwa, hupanda zaidi usiku, kwa hiyo anayelala hadi alfajiri bila kukamua hupoteza wakati wenye faida kubwa. Tunafahamu kwamba mama anayelala kwa ndugu na kurudi hospitalini asubuhi kwa boda boda amechoka. Hata hivyo, kuamka mara moja au mbili ni bora kuliko kuacha kabisa.

Katika siku 2 au 3 za kwanza mkono hufanya kazi vizuri kuliko pampu, kwa sababu dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kujifungua, ni nzito na chache, na nyingi yake hubaki imeganda kwenye mirija ya pampu. Baada ya kunawa mikono kwa sabuni, mama aweke kidole gumba juu ya titi na kidole cha shahada chini yake, takriban sentimita 3 nyuma ya chuchu, asukume titi kuelekea kifuani, kisha abane na kuachia bila kuteleza juu ya ngozi. Tone la kwanza huenda likachukua dakika kadhaa kutokea. Akikinga kwa kijiko safi, muuguzi ataweza kuyavuta matone hayo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko viwili vitatu vya chai kwa siku nzima ya kwanza ni kawaida kabisa, na wageni wanaotazama kikombe na kutangaza kwamba mama hana maziwa wanamuumiza bure.

Maziwa yakishaanza kujaa, pampu husaidia, hasa mama akilikanda titi wakati inavuta. Kikombe cha pampu kinachowekwa juu ya chuchu, kisipoitosha, huleta vidonda na hupunguza maziwa. Kufikia mwisho wa wiki ya 2 tunatazamia takriban mililita 750 kwa siku. Anayepata chini ya 500 amweleze mkunga mapema.

Kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, pale wahudumu wanaporuhusu, huchochea homoni ya oksitosini inayoyasukuma maziwa yatoke, na akina mama wengi hupata zaidi wakikamua mara tu baada ya hapo. Uji wa ulezi, karanga na mboga humpa mama nguvu, lakini haviwezi kuchukua nafasi ya kukamua. Vidonge vya kuongeza maziwa visinunuliwe bila daktari. Baadhi yake vina madhara kwa moyo au kwa hali ya akili.

Maziwa yahifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, kilichooshwa na kuchemshwa. Hudumu saa 4 katika joto la kawaida la nyumba, muda mfupi zaidi katika joto la miji ya Arua au Gulu, kaskazini mwa Uganda, na hadi siku 4 kwenye friji yenye umeme wa uhakika. Kwa mtoto aliyelazwa, masharti ya wadi ndiyo yafuatwe.

Mtoto anapoanza kunyonya, pampu isiachwe siku hiyo hiyo. Njiti huchoka kabla titi halijaisha, kwa hiyo mama aendelee kukamua kinachobaki mpaka uzito wa mtoto uwe unapanda vizuri kwa kunyonya peke yake, kisha apunguze mara moja ya kukamua kila baada ya siku chache.