Operesheni ya tumbo na misuli ya pumzi: mambo tunayodanganyana wodini

Baba mdogo alipotoka thieta, hapa Kampala, kitu cha kwanza mama mdogo alimnong'oneza ni "usikohoe, mshono utafumuka". Na sisi tuliokaa pale kwenye mkeka na flaski ya chai tukaitikia, ee, usikohoe. Mzee akatii kabisa, akalala chali kama gogo, anapumua juu juu tu, makohozi yanakoroma kooni na yeye anayameza. Siku ya tatu homa ikapanda, daktari akasema nimonia. Kidonda chenyewe kilikuwa kinapona vizuri tu.

Hii ya mshono ndo inatumaliza zaidi. Daktari hashoni ngozi peke yake, kuna tabaka gumu la chini ndo linabeba kazi na limeshonwa kwa uzi wa nguvu. Kikohozi kinauma, hilo sikatai, lakini chukua mto au kitenge ukikunje mara nne, ukiweke juu ya kidonda, ubane kwa mikono miwili ndo ukohoe, maumivu yanapungua na makohozi yanatoka. Na muombe nesi dawa ya maumivu mapema, kuvumilia hapa si ushujaa, maana mtu anayeumia havuti pumzi ndefu.

"Lakini wamepasua tumbo, mapafu yanaingiaje?" Hili hata mimi niliuliza. Kuna msuli mpana kama kuba unatenganisha kifua na tumbo, unaitwa kiwambo, huo ndo unafanya kazi kubwa ya kuvuta hewa. Nusukaputi inaulegeza, sehemu za chini za mapafu zinasinyaa, halafu kama kisu kimepita tumbo la juu, kule karibu na ini, kiwambo kinagoma kidogo kwa siku kadhaa hata kama hakuna aliyekigusa. Hewa haifiki chini, makohozi yanatuama, vijidudu vinapata pa kulala. Ndo maana wataalamu wanataka kiwambo kifanyishwe mazoezi kabla ya operesheni, kifike thieta kikiwa tayari na nguvu ya akiba.

Sasa hapo ndo inaingia habari ya baluni. Ati puliza baluni, kama hakuna puliza glavu, utaimarisha kifua. Banange, kupuliza ni kutoa hewa, na kiwambo kinafanya kazi wakati wa kuvuta ndani! Kifaa chenyewe cha mazoezi ni kabomba ka plastiki kenye springi, unabana pua, unavuta kwa mdomo, na valvu haifunguki mpaka uvute kwa nguvu iliyowekwa. Mtu wa fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi, anapima kwanza nguvu yako ya mwisho ya kuvuta, mara nyingi unaanzia kama asilimia 30 ya hiyo, dakika 15 mpaka 30 kwa siku, halafu springi inakazwa polepole, kama mtoto anayejifunza kuchota maji, humuanzishii jerikani ya lita 20. Na ile ya mipira mitatu inayopanda ukivuta si hiyo. Ile inakuonyesha tu unavuta kwa kasi gani, na uchambuzi wa 2014 wa Cochrane, kundi la kimataifa linalojumlisha tafiti za tiba, haukupata ushahidi kwamba inazuia matatizo ya mapafu baada ya operesheni ya tumbo la juu.

Wengine wanasema mimi nabeba matoke kila siku, sihitaji. Mgongo wa nguvu na kiwambo cha nguvu ni vitu viwili.

Je, ukianza jana yake inatosha? Kwa kabomba hapana, msuli unataka wiki mbili hivi au zaidi. Cochrane 2015 walijumlisha majaribio 12 yenye wagonjwa 695 wa moyo na wa tumbo, waliofanya mazoezi kabla walipata nimonia na mapafu kusinyaa karibu nusu ya wenzao, ila majaribio mengi yalikuwa madogo, kwa hiyo anayekuambia kifaa kinakuokoa na kifo anakuuzia tu. Lakini operesheni nyingi za tumbo zinakuja ghafla, utumbo umejifunga usiku, hiyo wiki mbili unaitoa wapi? Hata kikao kimoja kinasaidia: utafiti wa Australia na New Zealand uliotoka 2018, wagonjwa 441, ingawa wao operesheni zao zilikuwa za kupangwa, fizio aliwakalisha nusu saa tu kabla ya operesheni akawafundisha kupumua na kukohoa na kwa nini, na matatizo ya mapafu yakapungua nusu. Hiyo haitaki springi wala hela. Walifundishwa pumzi kumi ndefu za polepole, mara mbili, kisha kukohoa mara tatu, kila saa wakiwa macho, wanaanza mara tu wakizinduka.

Kwa kabomba, usijianzie tu mwenyewe kama una pumu isiyotulia, au mapafu yalishawahi kupasuka hewa ikavuja kifuani, au ngoma ya sikio imetoboka juzi juzi, muone daktari kwanza. Na ukisikia kizunguzungu katikati ya zoezi toa mdomo, pumua kawaida mpaka kiishe.