Kromatografia ya tabaka jembamba: kutoka doa la kutazamwa hadi doa la kupimwa

Kromatografia ya tabaka jembamba ni njia ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika kwa kuziacha zipande, zikibebwa na kiyeyushi, juu ya bamba la kioo au alumini lililopakwa unga laini, ambao mara nyingi ni silika jeli. Tone dogo la mchanganyiko huwekwa karibu na ukingo wa chini wa bamba, kisha bamba husimamishwa ndani ya chombo chenye kiyeyushi kidogo ambacho hakilifikii tone hilo. Kiyeyushi hupanda chenyewe kupitia nafasi zilizo kati ya chembe za unga, na kila kemikali hujikuta ikivutwa na pande mbili: unga unaishikilia, kiyeyushi kinaichukua. Silika huzing'ang'ania zaidi molekuli zenye ncha, yaani zile ambazo chaji zake hazikugawanyika sawasawa. Zisizo na ncha hutangulia juu, na lile tone moja huishia kuwa msururu wa madoa. Umbali uliosafiriwa na doa, ukigawanywa kwa umbali uliofikiwa na kiyeyushi, hutoa thamani ya Rf, ambayo huwa kati ya 0 na 1.

Kanuni hiyo ni ya zamani. Mwaka 1938 Nikolai Izmailov na Maria Shraiber waliitumia mjini Kharkiv, Ukraine, kuchunguza dondoo za mimea ya dawa, na katika miaka ya 1950 Mjerumani Egon Stahl akaweka vipimo sanifu vya unga, unene wa tabaka na utaratibu wa kazi, hata maabara tofauti zikaweza kulinganisha matokeo yao. Tangu hapo namna kemikali zinavyotengana haikubadilika. Kilichobadilika ni umakini wa kila hatua na, zaidi ya yote, uwezo wa kulisoma doa.

Katika utenganishaji, hatua kubwa ilipigwa miaka ya 1970, chembe za silika zilipopunguzwa kutoka wastani wa mikromita 10 hadi 12 na kufikia 5 au 6, tena zenye ukubwa unaokaribiana. Madoa yalizidi kuwa madogo, na kiyeyushi kikahitaji kupanda sentimita chache tu. Mashine za kupulizia sampuli katika mstari mwembamba zilichukua nafasi ya mkono unaotetemeka, na vyombo vya kudhibiti unyevu vikaongezwa. Hilo la unyevu hudharauliwa mno, ingawa silika hunyonya mvuke wa maji na kupungukiwa na nguvu ya kushikilia kemikali, kiasi kwamba kemikali ile ile inaweza kutoa Rf moja Dar es Salaam wakati wa masika na nyingine Dodoma wakati wa kiangazi. Ndiyo maana Rf peke yake si ushahidi, na kemikali rejea inayojulikana sharti ipandishwe kwenye bamba lile lile pamoja na sampuli.

Utambuzi ndio uliosonga mbele zaidi. Kemikali nyingi hazina rangi, kwa hiyo unga wa bamba huchanganywa na kiasi kidogo cha dutu inayong'aa kijani chini ya miale ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254. Kemikali inayofyonza miale hiyo huonekana kama doa jeusi. Kemikali nyingine hung'aa zenyewe kwenye nanomita 366. Mfano mashuhuri ni sumukuvu, ambayo ilianza kuchunguzwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kutokana na chakula chenye karanga zilizoota ukungu. Aina zake za B hung'aa samawati na za G hung'aa kijani, na herufi hizo zilitokana na majina ya Kiingereza ya rangi hizo, blue na green, zilizoonekana kwenye mabamba. Sumu hiyo hiyo, ikiwa kwenye mahindi, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004.

Siku hizi doa halitazamwi kwa jicho tu. Densitomita hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye doa na kukadiria kiasi cha kemikali, na vipo vifaa vinavyoliosha doa moja kutoka kwenye bamba na kulipeleka moja kwa moja kwenye spektromita ya masi, ambayo hupima uzito wa molekuli. Kwa maoni yangu, jambo lenye thamani kubwa kuliko hayo ni kulichovya bamba lililokwisha kukauka katika mchuzi wa bakteria wanaotoa mwanga, kama vile Aliivibrio fischeri: palipo na kemikali yenye madhara, mwanga hufifia. Hapo bamba linaonyesha kemikali hiyo inafanya nini kwa kiumbe hai, hata kabla haijajulikana jina.

Kwa upande wa bei rahisi, bamba hubeba sampuli kadhaa kwa pamoja na hutupwa baada ya matumizi, hivyo uchafu wa sampuli moja hauharibu kifaa. Sifa hiyo ndiyo iliyozaa Minilab, maabara ya sandukuni iliyobuniwa Ujerumani kwa ajili ya kunasa dawa bandia, ambayo Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoitumia. Doa la kidonge hulinganishwa na madoa mawili rejea, moja likiwakilisha asilimia 100 ya kiasi kilichoandikwa kwenye lebo na jingine asilimia 80. Kidonge kisicho na dawa kabisa, au chenye dawa tofauti, hunaswa mara moja. Chenye asilimia 88 huweza kupenya, kwa kuwa jicho halitofautishi vivuli vilivyokaribiana hivyo. Kamera za simu, zikitumika ndani ya kisanduku kinachozuia mwanga wa nje, zimeanza kupunguza udhaifu huo, lakini kidonge kinachotiliwa shaka bado hupelekwa kwenye maabara kubwa kabla hakijahukumiwa.