Shujaa akidai chake, tamaa iko wapi?

Jumamosi iliyopita nilikuwa mbele ya vijana kumi na mmoja ninaowafundisha kuandika katuni, tukipitia hati ya mmoja wao. Kaandika timu ya masupahiro watano wa Temeke, na kazi si mbaya hata kidogo. Ukurasa wa sita, baada ya timu kuokoa meli ya mafuta, mwenye meli anamuuliza kiongozi wao: nikulipe kiasi gani? Fremu inayofuata haina puto la maneno. Kiongozi kageuka, joho linapepea, anaondoka zake.

Nikauliza mbona hajibu. Kijana akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mzee amesahau jina lake.

"Mwalimu, shujaa wa kweli hadai hela."

Sentensi hiyo nimeisikia kwa wahariri, kwa wazazi wa wanafunzi, kwa wachoraji wenzangu ambao wenyewe wanadaiwa kodi ya miezi mitatu. Nimeisikia pia kwa mteja mmoja, nitamfikia. Nimekuwa nikiiacha ipite. Leo haipiti.

La kwanza nitalisema upesi maana halihitaji akili nyingi. Batman hadai kwa sababu karithi. Superman ana mshahara wa gazeti. Avengers, timu nyingine ya mashujaa, wameishi miaka na miaka kwenye jumba la tajiri mwenzao Tony Stark, chai inaletwa na mtumishi, Jarvis. Fantastic Four, timu ya mashujaa wanne, wanakula uvumbuzi wa kiongozi wao, Reed Richards. Hao wote hawadai kwa kuwa bili imeshalipwa kabla hadithi haijaanza. Mtu aliyeshiba hasifiwi kwa kutoomba chakula.

Na hata Fantastic Four, hela ziliwahi kuwaishia. Toleo la 9 la jarida lao, mwaka 1962, hadithi ya Stan Lee na Jack Kirby: Reed kapoteza fedha za timu kwenye hisa, wadai wako mlangoni. Ndiyo, mtu mwenye akili kuliko wote duniani, hisa zimemshinda. Inakuja barua kutoka studio ya filamu Hollywood: njooni muigize, tutawalipa dola milioni moja. Nauli hawana, wanasimama barabarani kuomba lifti. Kufika kule, mwenye studio ni Namor, mfalme wa chini ya bahari, adui yao, ambaye studio yenyewe kainunua kwa hazina za baharini. Kila mmoja anapelekwa kwenye eneo lake la kupiga picha, na kila eneo ni mtego wa kifo. (Wa Human Torch, mmoja wa wale wanne, uko Afrika, kwenye kabila lililochorwa kwa dharau ambayo leo inaumiza macho. Ukiisoma na wanafunzi, usiruke ukurasa huo. Usimame hapo uuzungumzie.)

Mitego inashindikana, wanapigana, Namor anazidiwa. Halafu linatokea jambo linalonifanya nilirudie toleo hili kila mwaka: Namor anatimiza mkataba. Filamu inamalizwa. Milioni inalipwa.

Mtu aliyetaka kuwaua analipa ankara yao.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu hapa ndipo watu wanapochanganya, na kwetu sisi hakuna udhuru, lugha imeshatufanyia kazi. Tazama kitenzi kudai. Nikisema "namdai Juma elfu hamsini," nimekwambia hali ya mambo tu. Sijasema nimekwenda kwake, sijasema nimempigia simu. Naweza kumdai Juma miaka minne bila kufungua mdomo, na bado namdai. Nikisema "nimekwenda kumdai Juma," hapo nimevaa viatu. Neno ni moja, mambo ni mawili: kuna deni lililopo, na kuna safari ya kulifuata.

Anayesema "shujaa hadai" anafikiri anazungumzia ile safari. Lakini bila kujua anafuta na deni lenyewe. Kiongozi wa Temeke anapogeuza mgongo, mwandishi hajamwonyesha mkarimu. Ukarimu ungekuwa kusema: nakudai, na nimekusamehe. Hiyo ni fremu nyingine kabisa, ina uzito, kuna mtu anatoa kitu. Kijana wangu kachora joho tu.

Na tamaa? Tamaa ni kutaka kisicho chako, au kutaka chako kizidi kipimo. Ukiitaka mifano ipo. Mwaka 1990 mashujaa Blue Beetle na Booster Gold walichukua fedha za timu yao, Justice League, bila ruhusa wakafungua kasino kwenye kisiwa, na kisiwa chenyewe kikatokea kuwa kina uhai, kikahama na kasino mgongoni. Hiyo ni tamaa, na imeandikwa kama kichekesho, ipasavyo. Sina la kuongeza.

Ila Luke Cage ana dola 200 zake, na hapo nina la kusema mpaka usiku.

Kwa asiyemjua: alianza mwaka 1972, kijana wa Harlem aliyesingiziwa na rafiki yake, akafungwa, akafanyiwa jaribio la kitabibu gerezani, akatoka na ngozi isiyopenywa na risasi. Katoroka, kwa hiyo ajira ya kawaida ya kuonyesha vyeti haiwezekani. Anafungua ofisi Times Square, juu ya ukumbi wa sinema, na kujiita shujaa wa kukodi. Jarida lenyewe liliitwa hivyo. Toleo la 8 na la 9, mwaka 1973, hadithi ya Steve Englehart ikachorwa na George Tuska: Doctor Doom, mtawala wa Latveria, anamkodi kuwasaka maroboti waliotoroka. Cage anafanya kazi. Doom anarudi kwao bila kulipa.

Dola 200.

Cage anakwenda kwa Fantastic Four, anaazima chombo cha kuruka, anavuka bahari ya Atlantiki, anaingia kwenye nchi ya mtu ambaye dunia nzima inamwogopa, anamkuta katikati ya uasi wa maroboti, anapigana naye, kisha anamwokoa Doom huyo huyo asiuawe na adui mwingine. Doom analipa. Cage anarudi nyumbani.

Wanafunzi hucheka hapa, na wana haki ya kucheka. Halafu huwa nawaambia wafanye hesabu. Mafuta ya chombo kile peke yake yangemeza deni lote. Kama ni tamaa, basi ni tamaa ya mtu asiyejua kuhesabu. Mwenye tamaa angebaki New York atafute mteja mwingine. Kilichompeleka Latveria ni kwamba anamdai Doom, na Doom kaondoka kama vile hadaiwi. Hela ni kidogo makusudi. Ukiandika dola milioni mbili, hadithi inakufa, msomaji ataona anafuata utajiri. Weka dola 200 na kinachobaki ni jina la mtu. Hii ndiyo sehemu ya ufundi ninayotamani ieleweke kuliko yote: deni dogo linapima heshima kwa usahihi kuliko deni kubwa, kwa sababu hakuna kingine cha kupima.

Nikihojiwa na mtu anayejua, nina udhaifu mara mbili, na sitauficha.

Kwanza, Cage. Kati ya mashujaa wote wa Marvel, kampuni iliyomchapisha, kwa nini aliyepewa kazi ya kufukuzia dola 200 ni mtu mweusi, wakati weupe wana jumba na mtumishi? Kuna siku nasoma hadithi ile kama sifa: huyu ndiye pekee anayejua bei ya mkate. Kuna siku naisoma kama tusi: kila mtu kapewa uungwana bure, yeye kaambiwa aufanyie kibarua. Nimefundisha tafsiri zote mbili, mara nyingine katika wiki moja.

Pili, Namor. Nawaambia wanafunzi alilipa kwa sababu neno lake ni neno. Kwetu msibani, msemaji wa familia husimama akatangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Hatutaki mtu wetu alale na deni, na hatuulizi kwanza kama mdai alikuwa rafiki yake. Namor ananikumbusha hilo. Lakini binti mmoja darasani aliwahi kunyoosha mkono akasema: Mwalimu, alilipa kwa sababu anampenda Sue wa Fantastic Four. Na kweli anampenda, hadithi yenyewe inasema anataka kumwoa. Sikuwa na jibu zuri. Nikasema pengine mambo yote mawili, jibu la mwalimu aliyebanwa.

Niende kwa jambo linalonikera zaidi, maana masupahiro hawa hawakujichora. Jerry Siegel na Joe Shuster, waliombuni Superman, waliuza haki zake mwaka 1938 kwa dola 130. Walikuwa vijana, walifurahi. Mpaka mwaka 1975, baada ya malalamiko kufika magazetini na filamu kubwa ikiwa njiani, ndipo kampuni inayommiliki Superman ilipokubali kuwapa pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kurudisha majina yao kwenye kazi yao. Shuster wakati huo macho yalikuwa karibu yamwishie. Kirby, aliyechora Namor akilipa milioni, alilipwa kwa ukurasa, na miaka ya 1980 alikuwa bado anabishana na waajiri wake wa zamani arudishiwe kurasa zake za asili, karatasi zenye penseli ya mkono wake. Kwa hiyo kila ninaposikia "shujaa wa kweli hadai," nawaona hao watatu. Nani hasa anafaidika na imani hiyo? Mashujaa hawapo. Wachoraji wapo.

Na sasa yule mteja. Aliniagiza kijitabu cha katuni cha kurasa 24 kuhusu usalama barabarani, shujaa wake ni kondakta. Niliandika hati, nikatafuta mchoraji, tukakabidhi kwa wakati. Nikatuma ankara. Kimya. Nikatuma tena. Mwezi wa tatu akapiga simu, sauti tamu:

"Kaka, hii kazi ni ya kuokoa maisha ya watoto. Wewe unaandika mambo ya mashujaa halafu unatubana kwa hela?"

Nilikuwa kituo cha daladala, mvua inaanza. Nikamwambia kondakta wa kwenye kijitabu chake, ukurasa wa 3, fremu ya pili, anapokea nauli. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba fremu hiyo iwepo, ili shujaa aonekane mtu wa kawaida. Akanyamaza kidogo. Akasema atacheki na uhasibu.

Bado namdai. Mchoraji wangu nilimlipa kutoka mfukoni, maana yeye alifanya kazi na mimi, hakufanya na huyo bwana.

Kijana wa Temeke karekebisha ukurasa wa sita. Kaniletea jana, karatasi imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa suruali. Mwenye meli anauliza nikulipe kiasi gani, kiongozi anataja kiasi, na sasa kuna fremu mpya, ndogo, pembeni chini: mwenye meli anapapasa mifuko yake. Ukurasa wa saba bado ni mweupe. Ananiuliza jamaa alipe au asilipe. Nimemwambia aamue mwenyewe, ila kwanza aniambie timu ya watu watano inarudije Temeke usiku ule, na nauli anatoa nani.