Je, wajua kwa nini Mwingereza hukoroma puani na Mswahili kooni?

Jumapili jioni, nyumbani kwetu Umoja, mtoto wa kaka yangu aliye Gredi ya 6 alinisogezea daftari lake. Alikuwa amenakili maneno ya Kiingereza na maana zake: sneeze, kupiga chafya, sniff, kunusa, snore, kukoroma, snot, kamasi, snout, pua ndefu kama ya nguruwe. Chini ya kila sn alikuwa amepiga mstari kwa kalamu nyekundu.

"Shangazi, mbona haya yote ni ya pua?"

Nilimwambia ale kwanza, nikabaki na lile daftari mkononi.

Kwa kawaida sauti moja moja haibebi maana. M ya maji ndiyo hiyo hiyo ya moto. Hata hivyo Kiingereza kina makundi ya maneno ambayo herufi mbili za mwanzo zinaonekana kushikilia maana moja. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth aliyatafutia jina mwaka 1930, na sauti ya aina hiyo huitwa fonestimu. Kundi mashuhuri zaidi ni la gl, ambalo lina mwanga: glow, gleam, glitter, glint, glimmer.

Maneno hukusanyika hivyo kwa njia mbili, damu na ujirani. Kwa upande wa damu, mengi ya hayo ya gl yametoka kwenye shina moja la kale sana lililohusu kung'aa, na hata gold, dhahabu, na yellow, rangi ya manjano, ni wa ukoo huo.

Ujirani ndio unaonivutia zaidi. Chukua sneeze. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilianza na fn. Baadaye matamshi ya fn yakafifia hadi yakatoweka, neno likawa halina kwao. Likahamia kwenye sn, ambako maneno ya pua yalikuwa yameshajaa. Mwandiko nao huenda ulisaidia, kwa kuwa s ndefu ya maandishi ya zamani ilifanana mno na f, na msomaji aliweza kuchukua moja akidhani ni nyingine. Lakini naona haikuwa bahati tupu: chafya ilikwenda kukaa palipo na pua.

Glamour nalo ni mgeni kwenye nyumba ya gl. Lilizaliwa Uskoti kutokana na grammar, yaani sarufi, enzi ambazo asiyejua kusoma aliiona elimu ya vitabu kuwa jirani wa uchawi. Mwanzoni lilimaanisha uganga wa kupumbaza macho. Leo ni urembo unaometameta, nami naamini jamaa wale wote wa mwanga walilivuta taratibu upande wao.

Mambo haya yamepimwa. Mwaka 2004 mtafiti Benjamin Bergen alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu akitoka kusoma neno moja la kundi kama la gl, hulitambua jingine la kundi hilo kwa wepesi zaidi. Kufanana kwa sauti peke yake au kwa maana peke yake hakukutosha kuueleza wepesi huo.

Asije mtu akaifanya sheria, maana snow ni theluji, snake ni nyoka na snail ni konokono, wala hakuna pua hapo.

Kiswahili nacho kina yake. Tamka polepole: koo, koromeo, kohoa, kohozi, koroma. Kofia na kobe hayamo, lakini ukiyatamka hayo matano unahisi kabisa yanatokea wapi.

Na hapa Nairobi kuna ukoo wa damu ambao tunapishana nao kila siku. Maktaba ya McMillan pale Banda Street, iliyofunguliwa mwaka 1931, yenye simba wawili mlangoni. Katiba iliyozinduliwa Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010. Mkataba wa nyumba ya kupanga, katibu wa chama, kitabu. Yote yametoka kwenye kitenzi cha Kiarabu kataba, aliandika, na konsonanti k, t na b ndizo zinazobeba uandishi kokote ziendako.

Kitabu lakini kimefanya kama sneeze. K yake ni ya shina, ila masikio yetu yalisikia ki ya kiti na kikombe, tukasema vitabu, tukaitupa k ya watu bila huruma. Ndugu zetu wa Tanzania waliifanyia hivyo hivyo keep left ya Waingereza: kipilefti kimoja, vipilefti viwili, pale magari yanapozunguka.

Baada ya chakula tuliandika orodha mpya, ya k, t na b. Mtoto akaongeza kutubu, amefurahi kweli. Nikamwambia aondoe ku, tuone kinachobaki. Tubu. Ile k ilikuwa ya ku tu, kama ya kusoma na kucheza, na neno lenyewe ni ndugu wa toba. Akalifuta kwa ufutio, akauma kalamu kidogo, kisha mahali pale pale akaandika mkutubi, yule anayetunza vitabu maktabani.